Giza la Kumpigia Mbuzi Picha

Mbuzi wa kwanza tulimla kabla sijampiga picha. Nilichemsha kichwa chake tangu asubuhi, jiko la makaa likiwa mlangoni kwa sababu ndani hamna nafasi, na ploti yetu yote, vyumba vya kupanga pale mtaani Lindi, ikajua tuna supu. Mama alikunywa kikombe kizima nikimshikia. Kisha nikabandua nyama iliyosalia, nikakwangua kwa kisu, nikachemsha tena na sabuni ya unga, na jioni lile fuvu likawa limekaa juu ya meza likitutazama sisi tuliolila. Mama akalitazama, akanitazama mimi, akacheka kwa ule upande mmoja wa uso uliokuwa bado unacheka.

Upande wa pili ulikufa ganzi siku alipoanguka mbele ya karai lake la omena, dagaa alizokuwa akiuza. Mkono wa kulia ukaenda, mguu ukaenda, na mdomo ukabaki na maneno matatu: eeh, ooyo ambayo ndiyo hapana ya Kijaluo, na nyathina, mwanangu. Kwa neno nyathina aliomba maji, aliomba kugeuzwa, aliomba kupelekwa haja. Nilijifunza kutofautisha nyathina ya kiu na nyathina ya mgongo. Mtu mwingine angedhani ananiita tu.

Tuko wanne kwake. Kaka zangu wawili wana wake na watoto, dada yangu ana binti mmoja na anakaa Kawangware, na mimi ni kitinda mimba. Kikao cha nani atamtunza Mama kilifanyika kwenye simu bila mimi, nikaletewa uamuzi kama chai iliyokwisha kutiwa sukari. Sina mume, sina mtoto, na kupiga picha za harusi si kazi ya kuripoti saa mbili. Kwa hiyo mimi. Nilinuna, nikatukana peke yangu chooni, kisha nikahamia kwa Mama na begi moja la nguo na moja la kamera.

Sitajifanya mtakatifu. Nilimpenda mama yangu na nilihisi nimefungiwa naye. Chumba kilikuwa cha mabati pande zote, hakina dirisha, kitanda kimebana ukuta wa magharibi na hakina mahali pengine pa kwenda, godoro langu linakunjwa mchana ili tupate pa kukanyaga. Ukifika saa nane mabati yanapiga joto mpaka unasikia misumari ikilia. Harusi inataka Jumamosi nzima, na mimi nilikuwa na saa moja, saa moja na nusu nikimwomba jirani achungulie. Wateja walinipigia mara ya kwanza, mara ya pili, wakaacha. Kamera ikalala chini ya kitanda na mimi nikaanza kuwaonea wivu watu wanaopita nje wakilalamika kwamba wamechoka kutembea.

Mafuvu yalikuja hivi. Nilikuwa nimetumwa dawa, nikapitia Laini Saba kwenye karakana moja ya mifupa, wale wanaokata mifupa ya ng'ombe wakatengeneza shanga na vipuli. Kwenye kona kulikuwa na fuvu la ng'ombe lisilo na kazi, na jua lilikuwa limepenya kwenye tundu la paa likaangukia jicho lake moja. Jicho moja linawaka, la pili ni shimo jeusi. Nilisimama pale hadi fundi akaniuliza kama nanunua au naomba. Nilirudi nyumbani mbio kwa sababu saa yangu ilikuwa imekwisha, lakini njiani nilikuwa nacheka peke yangu. Kumbe kuna kitu kinachoweza kupigwa picha bila mimi kutoka, kitu kisichosema kimechoka, kisichofumba macho, kisichotaka kurekebishwa vipodozi.

Nikaanza kujifunza mwanga kwa vitu vya nyumbani. Tochi ya simu ndogo ya vitufe, ile tunayoiita kabambe, ukiiweka chini ya taya inamfanya mbuzi kuwa jini. Ukiiweka nyuma, unapata ukingo mwembamba tu wa mfupa na pembe, na akili ya mtazamaji inajaza mengine. Ukiilaza ubavuni, kila ufa na kila alama ya kisu inatoka, mfupa unakuwa kama barabara ya murram baada ya mvua. Ukitaka mwanga ulainike, unafunika tochi na karatasi ya chooni. Ukitaka kivuli kisizidi, unaegemeza kifuniko cha sufuria upande wa pili kirudishe mwanga kidogo. Karatasi nyekundu ya peremende ilinipa moto, ya kijani ikanipa kaburi. Mama alikula peremende nyingi sana mwaka ule.

Lakini picha ya namna hiyo inataka giza kwanza. Unaacha jicho la kamera wazi kwa muda, unazunguka na tochi ukipaka mwanga pale unapotaka, na popote usipopaka panabaki peusi. Na nyumba ya mabati si giza hata ufunge mlango. Kila mahali palipowahi kupigwa msumari pana tundu. Watu huziba matundu hayo na kipande cha sabuni, ukikipondaponda kinashika vizuri na mvua haiingii. Mimi niliziba yote, kuanzia mlangoni hadi darini, nikabaki na moja kubwa karibu na mto wa Mama, ambalo kutu ilikuwa imelila likafikia upana wa kidole. Hilo lilitaka sabuni ya ukubwa wa jicho la samaki. Usiku ndio ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ile taa ndefu ya mtaa, mulika mwizi, ilikuwa inatuangalia upande huohuo mpaka alfajiri, wakati jua angalau unajua litaingia saa ngapi. Kwa hiyo nilipiga mchana, mlango umefungwa, leso kwenye ufa wa chini, Mama kitandani na mimi nikitambaa sakafuni na tochi, jasho likinidondoka puani.

Picha niliziweka mtandaoni kwa simu watu wazione. Mwalimu mmoja wa picha huko mjini akaziona, akanipigia. Nilikuwa namgeuza Mama, mikono yote ina kazi, nikaweka simu kitandani kwa sauti kubwa.

"Sikia, nataka tano, seti moja," alisema. "Nne unazo. Leta ya tano, mbele kwa mbele, macho yote mawili. Zinaenda kwa chuo cha picha, na wakikukubali ni mwaka mzima nje ya nchi, unasoma, unalipiwa kila kitu."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima. Lakini mwisho ni mwisho wa mwezi. Usinizungushe."

Nilimtazama Mama. Alikuwa amefumba macho. Nikajiambia amelala, na nikaanza kupanga maisha yangu kwa sauti ya chini. Nilitaka kwenda.

Tatizo la macho mawili lilikuwa hili. Vichwa vyote vinavyouzwa kwetu vimepasuliwa kwa shoka katikati, ubongo utoke, kwa sababu mteja asipoona ubongo anadhani umeliwa na mwenye duka. Yule mbuzi wangu wa kwanza alikuwa vipande viwili nilivyofunga kwa uzi, na nilikuwa nimempiga ubavuni tu, uso hautazamiki. Kwa picha ya mbele, yenye mwanga kutoka ndani, nilihitaji fuvu zima. Nikamwomba jirani achungulie, nikaenda Kawangware, anakokaa dada yangu, kwa mama mmoja anayeuza supu ya kichwa pale karibu na kwake.

"Nzima? Bila kupasua?" Aliweka shoka chini. "Sasa ubongo utatoa na nini, mrembo?"

"Na waya. Kuna shimo nyuma, pale shingo inaingia."

"We ni daktari ya mbuzi?"

"Mimi ni wa picha."

Aligeukia wanaume waliokuwa kwenye benchi na vikombe vyao. "Mnaskia huyu? Ati mbuzi inataka passport."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mimi nilisimama palepale nimekunja uso, na nadhani ni ule uso uliomfanya anipe kichwa kizima na pilipili ya bure.

Dada yangu alinisindikiza hadi barabarani, kichwa kikivuja ndani ya gazeti.

"Na hiyo kitu ya kwenda nje ikikubali," akasema, "mathe atabaki na nani?"

"Si wewe?"

"Mimi nafulia watu nguo kila siku. Nikirudi hata mikono siskii. Usianze."

"Hata mimi sikuanza. Mlianza nyinyi."

Nilivuka barabara bila kugeuka kumuaga.

Lilikuwa fuvu zuri. Pembe zake zilikuwa na weusi kidogo wa kubabuliwa, mapua yalikuwa mazima, na ndani palitosha kabambe isimame wima. Nilipozima kila kitu nikaona yale macho mawili yakiwaka polepole, nywele zilinisimama, mimi mwenyewe niliyeyawasha. Nikafungua kamera. Nikapaka ukingo wa pembe kutoka nyuma. Nikafunga. Nikatazama picha, na katikati yake palikuwa na mstari mweupe wa jua uliomkata mbuzi uso kama amechapwa kiboko.

Sabuni ya lile tundu kubwa ilikuwa imetoka.

Nikamlaumu panya, maana panya wa Lindi hula sabuni kama mkate. Nikaweka nyingine. Kesho yake nikafungua kamera, nikaanza kupaka, mstari ukarudi. Nikaweka sumu ya panya. Nikaziba kwa sabuni na karatasi, nikaziba kwa kitambaa, nikaziba kwa ugali uliokauka. Kila nikifika nusu ya picha, jua linaingia. Nilitukana panya, mabati, fundi aliyejenga, serikali. Mama alikuwa kimya kitandani, uso ameupa ukuta, na mimi nikamwonea huruma kwa kelele zangu. Siku za mwezi zilikuwa zinakwisha na sina picha.

Mwenye nyumba wetu ni mama wa Kinubi, mtu mzima, aliyezaliwa hapohapo na anayejua kila bati lilivyofika. Alikuja alasiri moja akasimama mlangoni, mtandio umefungwa imara, na hakuingia.

"Binti, mimi sikuingilia mambo ya vichwa vyako," alisema. "Watu wamesema uchawi, nikawaambia huyo ni wa picha, muacheni. Lakini sasa watoto wanakataa kupita nyuma ya nyumba. Wanasema kuna kidole kinatoka kwa ukuta."

"Kidole gani?"

"Kidole. Kinatoka, kinacheza, kinarudi. Jana mama wa mboga amekimbia akaacha sukuma yake chini. Majini sitaki kwa nyumba yangu. Wewe chagua, vichwa au chumba."

Nilikuwa karibu kumjibu vibaya. Kisha nikazunguka nyuma kuona, yeye akinifuata kwa mbali akisoma dua. Chini ya tundu, kwenye matope ya mtaro, kulikuwa na sabuni zangu zote. Vipande vya bluu, kipande cha kitambaa, donge la ugali. Panya hasukumi sabuni nje. Nilipoinua macho, kidole kilitokeza, chembamba, chenye kucha niliyoikata mwenyewe Jumapili, kikahisi hewa kidogo, kikarudi ndani.

"Ni mama yangu," nikasema.

Mwenye nyumba akasema, "Subhanallah," akaenda zake kuwaambia watoto.

Niliingia nikafunga mlango. Niliketi kwenye ukingo wa kitanda. Mama alinitazama, mkono wake wa kushoto umelala juu ya blanketi kana kwamba haujawahi kwenda popote.

"Ni jua unataka?" nikamuuliza. "Nikifunga, unaumia na giza?"

"Ooyo."

"Joto?"

"Ooyo."

Nilijua swali lililobaki na sikutaka kuliuliza. Niliangalia pale nilipokuwa nimeiweka simu siku ile mwalimu akiongea, karibu na sikio lake, na nikaelewa kwamba hakuwa amelala.

"Hutaki niende."

Jicho lake zima lilijaa maji. "Eeh," alisema. "Eeh. Nyathina. Eeh."

Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia. Nilisimama nikafoka. Nilimwambia kwamba kila mtu ana maisha isipokuwa mimi, kwamba kaka wanatuma sauti za pole na dada anajificha nyuma ya ndoo za nguo, kwamba naoga nikimsikiliza, nalala nikimsikiliza, na kitu kimoja tu nilichonacho ni giza la nusu saa na hata hilo analitoboa. Nilisema naoza humu ndani. Majirani walisikia, mabati hayafichi siri. Aliposikia neno kuoza aligeuza uso ukutani, na mimi nikatoka nikakaa kwenye jiwe mlangoni, sina pa kwenda, kwa sababu baada ya dakika chache ilikuwa saa ya kumgeuza. Niliingia nikamgeuza. Hatukuangaliana.

Siku ya mwisho ya kutuma ilipofika nilikuwa nimekata tamaa, lakini bado nilimweka mbuzi mezani. Nadhani nilitaka tu kumwonyesha Mama kilichopotea. Nilifunga mlango, nikatandaza leso chini ya ufa. Nikachukua kipande cha sabuni, nikakiangalia, nikakitupa ndani ya beseni.

"Siwezi tena kupigana na wewe," nikamwambia. "Sabuni sitaweka. Ukitaka nipige, ziba mwenyewe. Usipotaka, acha."

Halikuwa ombi, nilikuwa na hasira bado. Jua lilikuwa limeshaingia, mstari wake umelala juu ya blanketi, vumbi likielea ndani yake. Nilimpa mgongo nikasimama kwenye kamera. Nilisubiri. Nje mtu alikuwa anauza mayai, akapita. Nilikuwa nimenyoosha mkono kuiondoa kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu, na chumba kikawa cheusi.

Niligeuka, sikuona kitu. Nilimsikia tu akipumua kwa nguvu, maana kuinua mkono ule mpaka kwenye tundu na kuushikilia pale ni kazi ya mtu mzima mwenye afya, na bati saa hiyo linaunguza.

Nikafungua kamera. Nikaingiza kabambe ndani ya fuvu kwa nyuma, imefunikwa karatasi, macho yakawaka yote mawili. Nikaitoa, nikaizungusha nyuma ya pembe moja, kisha ya pili, polepole, kama mtu anayepaka mtoto mafuta. Nikapitisha mwanga kidogo puani, kidogo sana, ili ajulikane ni mbuzi na si shetani. Sikuharakisha. Nilijua angeweza kutoa kidole wakati wowote, na bati lilikuwa linalia tik, tik, tik chini ya kucha yake. Giza halikutoboka.

Kamera ikafunga. Niliangalia picha kwenye kioo chake kidogo. Ilikuwa ndiyo. Nimepiga picha nyingi tangu siku hiyo, na ile bado ndiyo.

"Mama, imetosha," nikasema. "Toa mkono."

Hakutoa.

"Mama. Imekubali. Toa, utaungua."

Hakutoa, na hapo nikasikia kwamba analia. Nilikaa sakafuni nimeegemea kitanda, nami nikalia, sisi wawili ndani ya joto lile, hakuna anayemwona mwenzake, na yeye akashikilia giza mpaka tulipomaliza.

Nilituma seti ya picha tano jioni ileile, wakanikubali. Kabla ya kumwambia mtu yeyote nilimpigia dada yangu, si kumwomba, kumweleza tu nani aliyeziba tundu. Nyuma yake nilisikia maji yakimwagwa.

"Kwa hiyo ameshakubali," akasema mwishowe. "Sasa mimi nitasema nini? Nitakuja."

Alihamia na binti yake wiki ile niliyokuwa naondoka. Nilimwonyesha dawa, nikamwonyesha jinsi ya kumgeuza bila kumvuta bega, nikamfundisha nyathina ya kiu na ile ya mgongo. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Ngong, na yeye ni mtu wa kuwahi mambo, akapata kipande cha sabuni akaanza kukipondaponda akielekea kitandani.

"Hii shimo kubwa hivi mlikuwa mnaiacha tu? Mvua italowesha mathe."

"Usizibe."

"Nisizibe? Aloweshwe?"

"Hiyo sabuni mpe yeye," nikasema. "Anajua kuziba. Na anajua kuzibua."

Dada yangu alinitazama kama nimepotewa na akili, kisha akamtazama Mama. Mama alikuwa amekwisha kunyoosha mkono wa kushoto, kiganja wazi, kwenye ncha ya kidole lile baka la kuungua bado halijafutika. Aliipokea sabuni, akaiweka chini ya mto.